Pani Endelevu ya Vyumba 12, Baada ya Miaka Mitatu ya Kuipikia

Mimi ni mpishi wa sukari. Kazini tunaitwa panboila, lakini kazi yenyewe ni upishi: shira ya miwa inaingia nyembamba, inatoka punje. Nilianza mwaka 2005 kwenye pani (vyombo vikubwa vya kuchemshia shira) za kawaida, zile za kujaza, kupika na kumwaga. Miaka mitatu iliyopita kiwanda chetu huku magharibi mwa Kenya kikasimika pani endelevu, yaani inayopika mfululizo bila kusimama. Ni ya kulala, ina vyumba 12 vinavyofuatana, haina kikorogeo ndani, na tumeipa maskwiti (uji mzito wa punje na shira) ya A, yaani mapishi ya kwanza yanayotoa sukari ya kuuza. Tangu hapo wapishi na mameneja wa viwanda vingine hunipigia simu kuuliza kama wanunue. Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, kwa sababu wote huuliza inaokoa mvuke kiasi gani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu punje zinazozaliwa bila kuitwa. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu iliyopungua, karibu yote imepotelea kwenye hizo punje.

Nianze na uzuri wake, maana upo na ni mkubwa. Pani ya kujaza hunywa mvuke kwa pupa. Ukiianzisha inavuta mwingi, ikikaribia kumwagwa inavuta kidogo, na pani tatu zikianza kwa pamoja watu wa boila wanapiga simu kwa sauti ya juu. Pani endelevu hunywa kiasi kile kile saa zote. Tena, kina cha maskwiti juu ya mirija yake ya kupashia joto ni kifupi, kwa hiyo kule chini hakuna uzito mkubwa unaozuia kuchemka, na mvuke hafifu unatosha: ule uliokwisha kufanya kazi mara moja kwenye evaporeta, mitambo ya kukolezea maji ya miwa, unakuja kufanya kazi ya pili hapa. Kwa kiwanda kinachochoma bagasi (makapi ya miwa) yake chenyewe, hizo ni pesa zinazoonekana. Hakuna kuosha pani baada ya kila mapishi, hakuna kusubiri zamu ya kondensa, kile chombo kinachopoza mvuke wa pani kwa maji na hivyo kupunguza presha ndani. Hayo aliyoyaahidi muuzaji, tumeyapata.

Sasa punje.

Aliyewahi kupika shira ya kaimati anajua jambo hili hata kama hajui jina lake. Shira ikichemka sana kisha ukaitikisa sufuria, ghafla inaganda, inakuwa mchanga mweupe. Kilo moja ya maji kwenye nyuzi 20 hubeba kilo mbili za sukari. Kwenye nyuzi 70 hubeba kama kilo tatu na robo. Maji yakibeba kiasi chake kamili tunasema kiwango cha shibe ni 1.0. Yakibebeshwa zaidi ya hapo, sukari inatafuta pa kutua. Kuanzia 1.0 hadi karibu 1.2 inatua juu ya punje zilizopo: zinakua, na hakuna mpya inayozaliwa. Kati ya 1.2 na 1.3 hivi, punje zilizopo zinaanza kuzaa wenzao. Ukipita 1.3, punje zinajizalia zenyewe popote, hata pasipokuwa na mbegu. Mipaka hiyo husogea kidogo kufuatana na usafi wa shira na joto lake, lakini mpishi anayeishi kati ya 1.1 na 1.15 analala usingizi.

Vijana wa vinu vya sukari nguru, ambavyo huku kwetu viko kila kona, wao hufanya kinyume, na wanafanya kwa makusudi. Wanaipika shira mpaka ipite kabisa mpaka huo, wanaiepua, wanaikoroga ikianza kupoa. Punje ndogo zisizohesabika zinazaliwa kwa mpigo mmoja na donge linaganda. Wao donge ndilo wanaloliuza. Sisi tukipata hivyo ni msiba, kwa sababu punje zetu lazima zipite kwenye sentrifuji: molasi, ile shira inayobaki, itoke kwenye vitundu vya chujio, sukari ibaki. Punje ndogo huziba nafasi kati ya punje kubwa, molasi haitoki, mwendeshaji anaongeza maji ya kuoshea, maji yanayeyusha sukari nzuri, na ile sukari iliyoyeyuka inarudi nyuma kupikwa upya kwa mvuke ule ule tuliojisifu kuuokoa.

Mzee aliyenifundisha alijifunzia kazi Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari cha nchi hii, kilichoanza mwaka 1922. Hakuamini mita. Alikuwa anachomoa kijiti cha sampuli, anachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, anavuta uzi, na kwa urefu wa ule uzi anajua shira imeshiba kiasi gani. Kisha anapaka kidogo kwenye kioo na kukiinua kwenye taa. Punje kubwa zikionekana zimesimama kwenye shira safi, anarudisha kijiti na kwenda kunywa chai. Akiona ukungu katikati yake, anasema neno moja: vumbi. "Vumbi likiingia, binti yangu, usibishane nalo. Lipe maji." Na kwenye pani ya kujaza hilo linatosha. Unafungua maji, kiwango cha shibe kinashuka chini ya 1.0, vumbi linayeyuka kwanza kwa kuwa ni dogo, punje kubwa zinapungua kidogo tu, unaendelea. Umepoteza nusu saa na mvuke wa kuyachemsha hayo maji. Kosa lilikuwa kwenye pani moja na limeishia kwenye pani moja.

Pani endelevu haikupi nafasi hiyo. Maskwiti inatembea kutoka chumba cha kwanza hadi cha kumi na mbili kwa saa tano hivi. Vumbi lililozaliwa chumba cha nne saa mbili usiku litakufikia mlangoni karibu na saa sita usiku, likiwa limeshakua kidogo, limeshakuwa punje nyembamba zisizoyeyuka upesi tena. Nyuma yake shira nyingine inaendelea kuingia. Ukimwaga maji chumba cha nne, chumba cha tano hakijui. Ukimwaga kote, unayeyusha kazi ya saa tano. Ndiyo maana nasema mtu anayenunua mashine hii anunue pia kila kitakachozuia vumbi lisizaliwe, kwa sababu kulitibu baadaye ni kazi ngumu na mara nyingi haiwezekani.

Nitasimulia usiku mmoja, kwa kuwa ulinifundisha kuliko kitabu chote walichotuachia.

Ilikuwa juma la pili tangu iwashwe. Fundi wa kampuni alikuwa ameshapanda ndege. Kitabu cha maelekezo kilisema pani ifanye kazi kwenye vakyumu (hewa inavyonyonywa kutoka ndani ili shira ichemke kwa joto dogo) ya milimita 650 za zebaki. Kijana wangu wa shifti aliona sindano imesimama 540, akaona ni upungufu mkubwa, akafungua maji ya kondensa mpaka mwisho. Sindano ikapanda taratibu mpaka 575 na kugoma hapo. Saa tisa usiku simu yangu ikalia. "Madam, samahani kukuamsha. Kioo kimejaa ukungu, kuanzia chumba cha tano mpaka mwisho. Na vakyumu bado haijafika."

Nilipofika nilikaa nikaangalia ile namba 650 kwa muda. Halafu nikakumbuka tuko wapi. Kiwanda chetu kiko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Pwani, hewa hukandamiza kwa milimita 760 za zebaki. Kwenye kimo chetu hewa yote, ukiipima nzima, ni takriban milimita 650. Kitabu kilikuwa kimeandikiwa mtu wa kando ya bahari, ambaye akivuta 650 anabakiwa na 110 ndani ya pani. Sisi kuvuta 650 maana yake ni kutobakiza hewa hata chembe, jambo ambalo pani yoyote haiwezi. Hiyo 540 iliyomtisha kijana ndiyo iliyokuwa sawasawa kabisa: 650 kutoa 540 ni 110.

Angalia basi alichokifanya bila kujua. Maji safi chini ya presha ya milimita 110 huchemka kwenye nyuzi 53 na kitu. Chini ya milimita 75, alikofika yeye, huchemka karibu na 46. Maskwiti huchemka juu zaidi ya maji kwa sababu ya sukari, lakini nayo ilishuka kwa kiasi hicho hicho, kutoka nyuzi 66 hadi 58 hivi. Kwenye 66 kilo ya maji hubeba kilo 3.1 za sukari, kwenye 58 hubeba 2.8. Kwa kupoa tu, kabla hata hujahesabu maji yaliyoruka kwa ghafla, shira iliyokuwa 1.12 ilifika 1.23. Ilivuka mpaka ikiwa imejaa punje tayari, na punje zikazaa. Kijana hakukosea kusoma. Alisoma vizuri kitabu kibaya.

Tangu siku ile naomba kitu kimoja kwa yeyote anayenunua pani ya aina hii akiwa bara: kataa geji ya vakyumu inayopima kuanzia hewa ya nje. Dai kipimo cha presha halisi ya ndani, kinachosoma kuanzia sifuri ya kweli. Sisi tulikinunua baadaye, tukakiunganisha na vali ya maji ya kondensa ijifungue na kujifunga yenyewe, na hesabu ya vumbi kwenye kioo ilipungua kuliko kwa marekebisho mengine yote tuliyowahi kufanya. Kifaa hicho hakikuwamo kwenye bei ya muuzaji. Hapo nakata nyota nusu nzima.

Hata hivyo vakyumu ina maadui wengine. Huku kwetu, karibu na Ziwa Viktoria, mvua hupenda kuja alasiri. Bwawa la kupoza maji ya kondensa linakuwa limepata joto mchana kutwa, kisha dakika ishirini za mvua kubwa zinalipoza. Maji baridi yanaingia kondensa, vakyumu inapanda, maskwiti inapoa nyuzi kadhaa kabla mtu hajanyanyua kichwa. Kabla ya ile vali ya kujiendesha tulikuwa tunapata vumbi la saa kumi jioni kwa uaminifu wa adhana. Nilikuwa nikiona mawingu yanakuja kutoka upande wa milima ya Nandi napanda ngazi mwenyewe kwenda kupunguza maji kwa mkono.

Mvuke nao. Nimesema pani hii hunywa kiasi kimoja, lakini nayo inataka ipewe kiasi kimoja. Miwa ikikatika kwenye meza ya kulishia kinu, bagasi inapungua, presha inaanguka. Kwa kuwa hakuna kikorogeo, kinachozungusha maskwiti ni kuchemka kwenyewe. Kuchemka kukilegea, mzunguko unasimama, pembeni panapoa, chini panabaki moto, na ndani ya chumba kimoja unakuwa na shira za viwango vitatu. Hatari kubwa zaidi ni pale mvuke unaporudi. Unarudi kwa kishindo, maji yanaruka upesi kuliko vali za shira zinavyoweza kufidia, na kwa dakika chache kiwango cha shibe kinapaa. Nimewafundisha vijana wangu kuurudisha mvuke polepole hata kama meneja amesimama nyuma yao. Dakika kumi na tano za subira.

Mbegu ndizo zilizoniletea ugomvi mkubwa zaidi ofisini, na nitazieleza vizuri kwa kuwa wengi hawaelewi. Pani endelevu haijizalishii punje zake. Tunatengeneza mbegu kwenye pani moja ya kujaza: sukari inasagwa kwenye kinu cha mipira pamoja na isopropanoli kwa muda wa siku nzima mpaka iwe ya mikroni chache, tone la mchanganyiko huo linaingia kwenye shira, punje zinakuzwa mpaka milimita 0.45 hivi, ndipo zinapelekwa chumba cha kwanza. Zinatoka chumba cha kumi na mbili zikiwa 0.70. Uzito wa punje hufuata kipeo cha tatu cha ukubwa wake, hivyo kutoka 0.45 hadi 0.70 ni kuongezeka uzito karibu mara nne. Maana yake, robo ya sukari inayotoka iliingia kama mbegu.

Meneja mmoja aliona hesabu hiyo akasema mbegu zinakula nafasi: tupunguze, tuingize shira zaidi, tutoe zaidi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini punje ndizo zinazonywa sukari kutoka kwenye shira. Ukipunguza wanywaji na kuacha chakula kile kile, chakula kinabaki mezani, kiwango cha shibe kinapanda, na shira inajizalia wanywaji wake yenyewe. Hao ndio vumbi. Tulijaribu kwa siku mbili kwa amri. Siku ya tatu sentrifuji zilikuwa zimeziba, na mbegu zikarudishwa bila maneno mengi. Ni hivyo hivyo pampu ya mbegu ikichoka hata kwa saa moja tu. Ningekuwa na uwezo ningeweka pampu mbili za mbegu, moja ikisubiri, kabla sijanunua skrini ya pili ya kompyuta.

Na kasi. Kila mwisho wa mwezi kuna mtu anayetaka pani ikimbie, saa tano ziwe nne. Punje zikuzwe kwa muda mfupi zaidi maana yake zikue haraka zaidi, na ili zikue haraka lazima shira iwe imeshiba zaidi. Ukipandisha shibe, kukua kunaongezeka kiasi, lakini kuzaliwa kwa punje mpya kunaongezeka kwa nguvu zaidi. Unapata tani nyingi za maskwiti na sukari kidogo. Kinyume chake nacho si dawa: ukiipunguza mwendo ukidhani utapata punje kubwa kama za zamani, hupati, kwa sababu ukubwa wa punje umeshaamuliwa na mbegu ulizoingiza, idadi yake na ukubwa wake. Ukitaka punje kubwa, tengeneza mbegu kubwa.

Kuna jambo ambalo muuzaji alilisema kwa haraka nami nalisisitiza kwa niaba yake, maana ni la kweli. Vyumba 12 si mapambo. Chombo kimoja kikubwa kinachokorogwa na kutiririka mfululizo hutoa punje za rika zote pamoja: nyingine zimetoka baada ya dakika kumi, nyingine zimekaa masaa. Kwa hesabu za chombo kama hicho, mtawanyiko wa ukubwa (punje zinavyopishana na wastani), ukipimwa kwa uzito, hufika asilimia 50, na sentrifuji haiwezi kuupenda. Ukipanga vyumba mfululizo, punje nyingi zinakaa muda unaokaribiana, na mtawanyiko unapungua. Siku nzuri, punje zetu zinakaribia za pani ya kujaza iliyopikwa na mtu makini. Hazizifikii. Nimeangalia vioo vingi mno kuamini vinginevyo.

Niliwahi pia kutembelea kiwanda chenye mnara wa wima, vyumba vimepandana, kila kimoja kina kikorogeo. Mvuke ukilegea, ule mnara haujali sana, na nilionea wivu. Ila kikorogeo nacho kinazigonga punje, na kila pigo linaweza kumega vipande vidogo ambavyo ni punje mpya. Lazima kizunguke taratibu. Kila muundo una mlango wake wa kuingizia vumbi.

Kosa moja karibu litufanye tuilaumu pani bure. Kwa siku nne tulikuwa na vumbi chumba cha kwanza hadi cha mwisho, presha imetulia, mbegu nzuri, mvuke mzuri. Nilihangaika. Kijana wa maabara ndiye aliyeuliza kama tumewahi kupaka kwenye kioo shira yenyewe inayoingia. Tukapaka. Ilikuwa imejaa punje. Chujio la sentrifuji moja lilikuwa limechanika, punje ndogo zinapita na molasi, molasi inarudishwa kwenye tangi la shira inayolisha pani, na joto la tangi halikutosha kuziyeyusha. Vumbi halikuzaliwa kwenye pani kabisa, lilikuja kama abiria. Sasa tunapunguza makali ya ile molasi kwa maji, tunaipasha mpaka ipite nyuzi 70, na kioo cha tangi kinaangaliwa kila mwanzo wa shifti kabla ya kioo cha pani. Kioo kimoja na hadubini ya shule vilituokoa. Mafunzo ya muuzaji yalikuwa ya siku tano, yote kuhusu skrini na vali, na hadubini haikutajwa hata mara moja.

Neno endelevu nalo lisiwadanganye. Sukari huganda kwenye kuta, hasa pale juu ya uso wa maskwiti, na kwenye mirija. Kila baada ya wiki tatu hivi tunalazimika kuimwaga na kuichemsha kwa maji. Siku za mwisho kabla ya kuosha ndizo mbaya: mirija imevaa magamba, mzunguko umepungua, vijana wanaongeza mvuke kufidia, mabonge yanadondoka kutoka juu. Ukinunua, hakikisha una tangi la kuhifadhi kilichomo wakati wa kuosha. Sisi tulilijenga baadaye, kwa gharama iliyoumiza.

Kuhusu miwa nitasema kidogo, kwa kuwa hilo si kosa la mashine. Mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa huku magharibi kwa sababu miwa ilikuwa michanga mno. Muwa mchanga, au uliolala shambani siku nyingi baada ya kuchomwa, huleta shira chafu. Uliolala huja na dekstrani, utelezi unaotengenezwa na bakteria, na punje zake hurefuka kama sindano. Shira nzito hivyo haichanganyiki vizuri, na mipaka yote niliyoitaja juu inabadilika. Pani ya kujaza unaipika kwa kuitazama na kuibembeleza. Pani endelevu inaendelea na mipangilio ya jana mpaka uibadilishe, kwa hiyo mtu wa maabara lazima awaambie wa pani mapema kwamba miwa imebadilika.

Huduma baada ya kununua: barua pepe wanajibu ndani ya siku moja, na kwa heshima. Vipuri vya vile vipimo vya umeme vinavyoongoza shira ya kila chumba vilichelewa miezi miwili, na kwa muda huo vyumba viwili viliendeshwa kwa mkono na kwa macho. Vipimo vyenyewe hushikwa na gamba, na vikishikwa vinadanganya. Tunavisafisha kila Jumatatu.

Je, ningenunua tena? Kwa maskwiti ya C, yaani mapishi ya mwisho, ndiyo, leo hii. Kule usafi uko chini, punje zinakua polepole, magamba ni machache, kuosha kunasubiri miezi, na punje zake hakuna mteja anayezitazama dukani. Tahadhari ni kwamba vitundu vya chujio la C ni kama milimita 0.06, na punje iliyo ndogo kuliko hapo inaondoka na molasi kwa bei ya molasi, kwa hiyo kipimo cha presha halisi kinahitajika kule vilevile. Kwa maskwiti ya A, nunua tu kama presha ya boila yako imetulia kwa mwaka mzima kwenye rekodi, na kama wapishi wako watapewa miezi mitatu ya kujifunza bila kupigiwa kelele za tani. Kiwanda ambacho miwa inakatika mara tatu kwa siku kibaki na pani zake za kujaza na watu wake wanaojua kuvuta uzi.

Anayetaka kuiona aandike, nitamwombea ruhusa. Msije asubuhi, asubuhi kila kitu kinapendeza. Njooni saa tisa alasiri, mvua ikiwa inajikusanya upande wa Nandi, tupande pamoja hadi chumba cha saba, mchomoe kijiti wenyewe na kupaka kioo kabla ya mvua na baada yake.